Profesa wa Gia ya Kwanza

Nitamsema vibaya mtu huyu, na anayetaka kusikia wema wake akamuulize mama yake mzazi. Nilifanya naye kazi miaka saba katika klabu moja, mita tatu kutoka dirisha la kibanda changu cha funguo hadi kiti chake cha plastiki, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja tuliyoagana kwa roho nyeupe.

Klabu yenyewe ni ya wenye nazo. Mwanachama anasimamisha gari mlangoni, anashuka na kuacha injini inanguruma. Mwegeshaji anaingia, anateremka nalo kwenye mteremko wa zege wenye kona mbili kali, analipanga chini ya jengo, kisha anapanda ngazi na ufunguo. Mimi naupokea, naufunga kibati chenye namba, nautundika ubaoni. Kutoka mlangoni hadi chini hakufiki mita mia mbili. Ni safari ya gia ya kwanza tupu, mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho.

Katika kazi hiyo alikuwa hodari, sitadanganya. Hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Alivaa glavu nyeupe alizojinunulia mwenyewe, na kabla ya kusogeza kiti cha mtu alihesabu meno ya reli yake, moja, mbili, tatu, ili baadaye akirudishe palepale. Akiteremka na gari mara moja tu alijua klachi yake imebakiza miezi mingapi. Vidole vyake vilisikia mambo ambayo mafundi wengi hawayasikii. Lau angeishia hapo ningemheshimu.

Hakuishia hapo. Saa ya chakula waegeshaji na madereva wa wakubwa walimzunguka, naye akaanza kuhutubia. Gari hili kwenye kona ukiwa kilomita mia na sitini linakaa hivi, lile linatupa mkia. Hili usukani wake unakuambia kila kokoto, la jirani yake usukani umekufa ganzi. Mkono mmoja kiunoni, mwingine unakata kona hewani. Yote hayo aliyaokota kwenye magazeti ya magari yaliyoachwa kwenye viti vya nyuma, akayatia chumvi. Ndiyo maana wakamwita Profesa. Madereva watu wazima, watu waliokesha barabarani na mabosi wao, walimsikiliza midomo wazi. Mimi nilikaa dirishani kwangu natafuna mkate kwa hasira, kwa sababu nilijua wasichokijua wao: Profesa hakuwahi kuendesha gari lolote kwenye barabara ya kweli. Zaidi ya gia ya kwanza na ile ya kurudi nyuma, maisha yake hayakumfikisha popote.

Nilijuaje? Mara tatu aliagizwa apeleke gari kwa fundi wa matairi nje ya geti, na mara zote tatu akapatwa na jambo. Mara jicho, mara kiuno, mara simu ya msiba wa shangazi ambaye alikwisha kumzika mwaka uliotangulia. Siku nyingine tulikwenda pamoja kuchukua mataulo kwa gari la kufulia, mimi nikiendesha, na nilipofika kilomita sitini tu nikamwona ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Leseni anayo. Aliipatia kwenye uwanja wa shule ya udereva, akizunguka kati ya mapipa, na kutoka hapo akaingia moja kwa moja chini ya jengo letu. Kwake alirudi kwa basi kila siku.

Mimi nilibeba mikate kwa lori miaka tisa kati ya miji mitatu, mpaka kiwanda kikafungwa. Nilipokuja klabuni niliomba kazi ya uegeshaji. Meneja akasita, akamgeukia Profesa aliyekuwa amesimama pale ofisini na glavu zake, akamuuliza anaonaje.

"Bosi, magari haya yanataka mkono wa mwanaume," akasema. "Mama huyu atakufaa kwenye funguo."

Alisema hivyo mbele yangu, bila hata kupunguza sauti. Nikapewa ubao wa funguo, na toka siku hiyo jina langu likawa Mama Funguo. Donge lile halikushuka. Wala sikutaka lishuke.

Mwaka ninaousimulia, msimamizi wetu alikuwa anastaafu. Meneja alisema wazi kwamba nafasi itakwenda kwa mmoja wetu, Profesa au mimi. Msimamizi ndiye anayepanga nani aendeshe gari gani. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nikiikosa hiyo, ningebaki dirishani natundika vibati mpaka meno yaning'oke, tena nikimwita yeye bosi. Nilikuwa naamka asubuhi nalifikiria hilo kabla hata sijanawa uso.

Waliotutia vitani ni wanyumba wawili, wanaume waliooa dada wawili wa tumbo moja, na ambao hawakupatana hata juu ya hali ya hewa. Mmoja ni daktari wa meno, mwenye gari dogo la kijani, fupi kwenda chini, injini yake ikiwa nyuma ya viti. Mwingine ni mkandarasi, tena mwenyekiti wa kamati ya klabu, mwenye gari jeusi la pua ndefu na mlio wa kuamsha mtaa mzima. Yote mawili ni magari ya michezo, yote ya gia za mkono, maana jambo pekee walilokubaliana ni kwamba anayeendesha gari linalojibadilishia gia ni abiria tu. Kila Jumamosi walibishana pale mlangoni, lipi lina raha zaidi kuendesha, na wake zao wakatangulia ndani bila kuwasubiri.

Profesa akawavisha wote wawili kilemba cha ukoka. Akimfungulia daktari mlango alinong'ona, "Daktari, lile jeusi ni nguvu tu, halina adabu. Hili lako lina roho." Akimpokea mkandarasi, "Mkuu, kile cha kijani ni kitu cha kuchezea watoto. Gari ni hili." Bakshishi ikaingia mifuko yote miwili ya koti. Mchezo huo ulikwenda miaka miwili, mpaka Alhamisi moja wanyumba walipofika kwa wakati mmoja, kila mmoja amekwisha kuudhika na lake.

"Mwanyumba, hata Profesa anasema gari lako halina adabu," daktari akaanza.

"Profesa yupi?"

"Huyu hapa."

"Huyu hapa ndiye aliyeniambia lako la kuchezea watoto!"

Wakamgeukia. Nilisimama kitini kwangu ili nisikose kitu. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Akasema, mabosi, gari haliwezi kuhukumiwa mteremkoni, linahukumiwa barabarani. Alikuwa anatafuta pa kuponea, lakini mkandarasi akayadaka maneno yale yakiwa bado ya moto.

"Vizuri sana. Jumamosi saa kumi utayaendesha yote mawili kwenye barabara ya nje ya mji, halafu utatoa hukumu moja mbele ya kila mtu. Ukituchezea tena, hapa klabuni hutaonekana."

Meneja alikuwa nyuma yao. "Atafanya, mheshimiwa," akaitikia haraka. "Na msimamizi mpya nitamtangaza siku hiyohiyo."

Ijumaa mchana Profesa alikuja dirishani kwangu. Hakunisalimu. Aliweka glavu zake juu ya kaunta, akatazama kulia na kushoto.

"Mama Funguo, kesho asubuhi chukua lile gari la kufulia, unizungushe kidogo. Sina mazoea na mashimo ya barabara ile."

"Mashimo?"

"Ndiyo. Na nione unavyobadilisha gia ukiwa kwenye mwendo. Kila mtu ana mtindo wake."

"Wewe mtindo wako ni upi?"

Akazivuta glavu zake pale kauntani, akaanza kuzikunja.

"Miaka saba unafundisha watu kona za mia na sitini," nikamwambia. "Nenda kajifundishe."

"Nimekuomba."

"Hujaomba, umeagiza. Toka hapo dirishani, unaniziba mwanga."

Nimejiuliza mara nyingi, angeomba kwa heshima ningemfundisha? Jibu ni hapana. Nilitaka aaibike, na nilitaka niwepo.

Jumamosi saa kumi watu walijaa mlangoni: wanyumba na wake zao, waegeshaji, madereva, wapishi wawili na aproni zao, na meneja aliyefunga tai mpya. Magari mawili yalikuwa yamepangwa bega kwa bega. Profesa akatokea ameinama, mkono mmoja mgongoni.

"Mabosi, kiuno kimenibana tangu alfajiri," akasema. "Lakini hukumu mtaipata. Mama Funguo aliwahi kuendesha lori la mikate, barabara anaijua. Yeye atakuwa miguu yangu, mimi nitasikiliza nikiwa hapahapa. Sikio langu linatosha."

Unauona ufedhuli huo? Na watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, eti Profesa anasoma gari kwa sikio! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miguu yake! Nilitaka kukataa. Lakini funguo zilikuwa mkononi mwangu, na kwa miaka saba nilikuwa nazitundika tu. Nikaingia kwenye lile jeusi, mkandarasi akakaa kando yangu.

Jeusi lina nguvu za kutisha. Ukikanyaga mafuta mgongo unazama kitini, na barabara iliyonyooka inakwisha kabla hujaifurahia. Hapo ndipo sifa zake zilipoishia. Klachi yake ni nzito, gia zake zinataka kusukumwa kwa bega, na usukani ni mwepesi usio na habari yoyote. Unauzungusha, gari linafikiri kwanza, ndipo linakata. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali, kilomita nne kutoka getini, niliingia kwa mwendo ambao hata lori langu lingeuvumilia, nikausikia uzito wote wa pua ile unataka kwenda zake mashambani.

"Taratibu, mama!" Mkandarasi alikuwa ameshika dashibodi.

Taratibu ya nini, na gari ni lako? Sikusema, lakini nililifikiria kwa nguvu.

Kisha la kijani. Unakaa chini karibu na lami, miguu imenyooka mbele. Gia zake zimepangwa kivyake: ya kwanza iko chini kushoto, pale ambapo magari mengi yanaweka ya pili, na ya pili unaipata juu katikati. Kirungu cha gia kimelika kwa mikono mpaka namba zimefutika, kwa hiyo ama unajua ama hujui. Daktari alinieleza mara moja, ikatosha. Nguvu zake ni chache, kwenye mlima inabidi uliombe. Lakini usukani wake ulikuwa hai. Nilipita juu ya kiraka cha lami na vidole vyangu vikajua kiraka kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Breki ziliuma palepale nilipozitaka. Kona ya matofali nikaiingia kwa mwendo uleule wa mwanzo, nikageuza, nikaiingia tena kwa mwendo mkubwa zaidi, na gari likageuka lote kwa pamoja, bila pua kutangulia wala mkia kuchelewa. Nilicheka kwa sauti. Daktari naye akacheka, akasahau kujivuna.

Tuliporudi nilizima injini, nikashuka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wote, hata daktari niliyecheka naye, walimgeukia Profesa.

Profesa akafumba macho, akayafumbua. "Jeusi," akasema. "Nimelisikia hili la kijani kwenye kona, linahangaika. Jeusi limetulia kabisa."

Mkandarasi akampiga begani kwa furaha. Meneja akaanza kutabasamu, na nikaona tangazo la msimamizi linapanda kooni mwake.

"Mwongo," nikasema. "Kona iko kilomita nne kutoka hapa. Umesikia kwa sikio la nani? La kijani ni bora. Jeusi ni la njia iliyonyooka tu, kwenye kona usukani wake haukuambii lolote mpaka umeshachelewa."

Mkandarasi aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe nani kakuuliza? Si umeambiwa ulikuwa miguu?"

"Basi mwulizeni mwenye kichwa. Profesa hajaingiza gia ya pili tangu alipoanza kazi hapa."

Walicheka wote. Waegeshaji, madereva, wapishi na aproni zao. Profesa mwenyewe alicheka, akinitikisia kichwa kwa huruma, na nilimchukia wakati ule kuliko nilivyomchukia siku ya kwanza. Aliyebaki bila kucheka ni mke wa daktari. Alimnyang'anya mumewe ufunguo, akamnyooshea Profesa.

"Kiuno kitavumilia dakika tano," akasema. "Mpe mama huyu jibu lake, yaishe."

Angeweza kukataa. Lakini watu thelathini walikuwa wanamtazama, na glavu zilikuwa mikononi. Aliuchukua. Kiuno kikapona hapohapo, akaingia mgongo ukiwa umenyooka, akahesabu meno ya kiti, akawasha. Alitoka getini kwa ulaini wake uleule, hakuna anayejua kuondoa gari kama yeye, akakunja kulia, akatupotea nyuma ya ukuta.

Tukasikiliza. Injini ilipanda sauti. Ikapanda tena. Niliona mguu wa kushoto wa dereva mmoja unajikunja wenyewe ndani ya kiatu, unatafuta klachi.

"Badilisha," akanong'ona. "Badilisha, ndugu yangu."

Haikubadilishwa. Sauti ikawa ukelele, ikapita ukuta wote wa klabu, ikapita kituo cha mafuta, gia ya kwanza, gia ya kwanza, gia ya kwanza. Kisha ukaja mkwaruzo mrefu wa gia inayotafutwa na isiyopatikana, kisha kimya. Daktari akajishika kichwa. Sasa hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake.

Mwenye hasira zaidi alikuwa mkandarasi. "Miaka miwili namsikiliza mtu huyu!"

Meneja alilegeza tai. "Mama Funguo, kalete gari la daktari. Huyo Profesa nitaonana naye baadaye. Na Jumatatu msimamizi ni wewe."

Nilikwenda kwa miguu, sikukimbia. Furaha yangu, sifichi, ilikuwa kubwa mpaka nikahisi njaa. Nilipanga maneno ya kumwambia, nikayapanga tena kwa ukali zaidi.

Gari lilikuwa limesimama katikati ya njia, nyuma yake foleni na honi. Profesa alikuwa ndani, vioo vimepandishwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Nikafungua mlango.

"Shuka."

Akashuka, akazunguka, akaingia upande wa abiria. Dereva wa lori alimtukana tusi la nguoni. Hakugeuka.

"Umefurahi?" akaniuliza nilipowasha.

"Sana."

Barabara ile imegawanywa katikati, kwa hiyo ilinibidi niende mbele kabisa mpaka kwenye mzunguko ndipo nigeuze. Gia ya pili ikaingia, ya tatu, ya nne. Sikufanya hivyo kwa ajili yake. Gari lenyewe ndilo lililotaka, na mimi pia nilitaka. Nilipochungulia pembeni nikaona amevua glavu. Alikuwa ameweka kiganja kitupu juu ya dashibodi, anatazama mkono wangu kwenye gia. Tukaingia mzunguko bila kupunguza sana, gari likashika lami na kujipinda nayo, na Profesa akatoa sauti ndogo, ya mtu aliyemwagiwa maji.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Nini?"

"Yale niliyokuwa nawaambia. Kila kokoto. Kumbe linakuambia kweli."

Maneno yangu makali yalikuwa tayari mdomoni na sikuona pa kuyaweka. Nikaendesha. Ukuta wa klabu ukaanza upande wetu, watu wakaonekana wamesimama pale mlangoni wanatungoja, meneja mbele yao. Alipowaona akateremsha mkono kutoka dashibodi, akauweka mapajani.

"Dada," akasema. Miaka saba hakuwahi kuniita dada. "Zunguka tena. Mara moja tu, kabla sijashuka."

Tangi lilikuwa limejaa, barabara ilikuwa wazi, na daktari asingelalamika kwa dakika tatu. Nikawasha indiketa, nikaingia getini.